Mama haoni tena, nyumba ya Sinza anaijua kwa mkono. Ndugu wanataka tuuze

Binti wa Sinza C

Asalaam aleikum, habari za jioni wana jukwaa. Naombeni mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili haliishii kwenye bei.

Nyumba yetu iko Sinza C, Dar es Salaam, si mbali na kituo cha Kwa Remmy. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Urafiki pale Ubungo. Kiwanja alikipata kwenye ule mradi wa miaka ya sabini, serikali ilipopima viwanja, ikachonga barabara na kutandaza mabomba, halafu kila mtu akajijengea kadiri ya mfuko wake. Mita 12 kwa 24. Alianza na vyumba viwili mwaka 1978, kaka Omari akiwa mgongoni kwa mama. Tofali walifyatua wenyewe hapo hapo kiwanjani. Baba akitoka shifti ya usiku alilala kidogo, akaamka kufyatua, mama akimchotea maji na kuzimwagilia zisipasuke. Nilipozaliwa mimi, 1984, vyumba vyote 6 vilikuwa vimesimama: korido katikati, vitatu huku, vitatu huku, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo.

Baba alifariki 2020. Mama sasa ana miaka 74. Ana presha ya macho, na iligundulika imechelewa. Jicho la kulia lilizima 2018. La kushoto sasa linamwonyesha kwamba hapa kuna mwanga na hapa giza, basi. Matone anaendelea nayo, lakini daktari alituambia waziwazi kwamba yanalinda kilichobaki, kilichopotea hakirudi.

Sasa mngemwona mama yangu ndani ya nyumba ile. Anatoka chumbani, mkono uko ukutani, vidole vinasoma milango. Fremu ya mlango wa katikati ina ufa, Omari aliigonga na baiskeli tukiwa wadogo, na mama akiugusa ule ufa anajua yuko nusu ya korido. Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu, na katikati imelika kwa miguu ya miaka yote hiyo. Anasema unyayo wake unausikia ule mbonyeo, akitoka nje yake tu anajua amekwenda upande. Uani kuna mwembe alioupanda mwenyewe. Kutoka kizingitini mpaka mwembeni ni hatua 11, kutoka mwembeni mpaka bombani ni 4. Anaosha vyombo vyake mwenyewe. Akichambua mchele, mimi mwenye macho sioni jiwe alilobakiza.

Na mtaani anatoka, tena peke yake, na fimbo. Mashine ya kusaga ikiwa inanguruma kulia kwake anajua yuko sawa. Akifika kwa fundi viatu ile harufu ya gundi inamwambia mfuniko wa mtaro uko mbele, avuke. Akisikia watoto wa madrasa ameshafika dukani. Muuza duka anamwita Mama Omari na anamtajia noti moja moja anapompa chenji. Kuna kijana wa bodaboda kijiweni ambaye sijui hata jina lake. Siku moja mvua ilipohamisha ule mfuniko wa mtaro, alikaa pale juu ya pikipiki yake mpaka mama akapita, ndipo akaenda kutafuta abiria.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Dodoma. Kaka Omari yuko Mwanza. Mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, ndiye anayekaa na mama pamoja na binti wa kazi. Amejitokeza mnunuzi anayetaka kuvunja na kujenga apatimenti za ghorofa 3. Ametaja milioni 270. Kaka anasema tuuze, tumnunulie mama nyumba Madale ya milioni 90, kinachobaki tugawane. Picha za nyumba hiyo ametutumia. Ni nzuri kweli: sebule kubwa, vyumba vitatu vyenye vyoo vya ndani, ukuta na geti.

Naomba mtu asimtukane kaka yangu humu. Ana watoto wawili chuoni, na matone ya mama amekuwa akinunua yeye tangu 2018 bila kukosa mwezi.

Tena hoja yake moja ni ya kweli, na ndiyo inayoninyima usingizi. Nyumba ya jirani upande wa kushoto iliuzwa 2022 na ikageuzwa baa. Ijumaa mpaka Jumapili muziki ni mpaka saa nane, saa tisa usiku, na ukuta wa chumba cha mama unatikisika. Nilikwenda likizo ya Desemba nikakaa wiki tatu. Usiku wa kwanza nilimkuta amesimama koridoni saa saba, viganja vyote viwili vimeshikilia ukuta. Alikuwa anataka kwenda chooni. Akaniambia, "Mwanangu, wakipiga muziki sijui niko wapi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba masikio ndiyo macho yake. Baa ile inamzima taa kila wiki, siku tatu.

Kwa hiyo nauliza kwa waliopitia. Kuna aliyemhamisha mzazi asiyeona, ikawaje? Je, kelele zina dawa, au nitakuwa namng'ang'aniza mama mahali ambapo hapafai tena kwa sababu mimi ndiye ninayeipenda ile nyumba? Na kisheria tumekaaje? Mirathi ya baba hatujafungua.

---

Mzee wa Mapambano

Mwanangu, pole, na mpe mama salamu zangu. Urafiki nilikuwa na rafiki zangu wengi, huenda baba yako tulikutana.

Mimi nilipewa kiwanja hapa Sinza 1977. Wakati ule Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa katika awamu moja ya mradi ule, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na sisi wafanyakazi wa kipato cha chini tulikopeshwa vifaa kupitia Benki ya Nyumba. Hakuna aliyekuwa na ukuta. Mpaka kati yangu na jirani ulikuwa michongoma, na mtoto akipita katikati ya michongoma kufuata mpira hakuna aliyemuuliza. Leo natembea kutoka kwangu mpaka Shekilango mkono wa kulia ukuta, mkono wa kushoto ukuta. Nasema hivi ili ujue kwamba ule mtaa anaoujua mama yako umebaki vipande, na hivyo vipande ni watu kama huyo muuza duka. Si vya kuchezea.

Jambo ninalotaka ulifanye kabla ya yote: tafuta hati, usome muda wake. Hati za ardhi ni za miaka 33, 66 au 99. Yangu ilikuwa ya 33, ikaisha nikiwa sina habari, nikaja kugundua siku mwanangu alipotaka kuiwekea dhamana. Kama ya baba yako ni ya 1978 na ilikuwa ya 33, ilikwisha 2011. Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize imehuishwa au la. Na tangu tulipokatwa Kinondoni tukawa Manispaa ya Ubungo, hakikisheni jalada linajulikana liko wapi. Kodi ya jengo kukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kila mwezi si ushahidi wa umiliki, wengi wanachanganya.

---

Mkaazi wa Goba

Dada yangu, nimesoma nikasimama, nikarudi kusoma tena.

Mimi nilimhamisha mama kutoka Tabata kuja Goba 2016. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Kule Tabata alikuwa akikaa barazani salamu zinamfuata. Huku ni geti kwa geti, mtu anaingia na gari, geti linafungwa, mnaonana msibani. Njia za Goba mnazijua, kilima na korongo, masika ikikata barabara hata bajaji haipandi. Lakini nitasema haki: mwaka wa pili alipata kikoba, akapata wenzake wa msikitini, akalima matembele na bamia nyuma ya nyumba, akawa analala usiku mzima. Mpaka Mungu alipomchukua hakuwahi kuniomba nimrudishe.

Ila wangu alikuwa anaona, dada. Aliijifunza Goba kwa macho. Wako atajifunza Madale kwa nini? Mtaa ambao watu wamejifungia hauna sauti za kumwongoza. Ukimya unaomfaa kaka yako akienda kutembelea, kwa mama huenda ukawa giza jingine. Mimi siwezi kukuambia hamisha kwa sababu wangu ilimkubali.

---

Kajembe77

Nitatofautiana na waliotangulia, kwa heshima.

Uzeni. Niliishi Sinza miaka 12, najua ninachosema. Leo baa ni kushoto, kesho kulia wanajenga gesti, keshokutwa mbele wanachimba msingi wa ghorofa na lori la kokoto linamwaga saa kumi na moja alfajiri. Mama ana 74. Akijikwaa kwenye rundo la kokoto akavunjika nyonga, hiyo milioni 270 mtaikumbuka. Mnunuzi wa leo anaweza asiwepo mwakani. Na kaka mwenye watoto wawili chuoni naye ni mtoto wa nyumba hiyo, ana haki ya kusikilizwa. Tafuteni nyumba ndogo isiyo na ngazi, karibu na ndugu, mumzoeshe taratibu. Binadamu anazoea.

---

Karani Mstaafu

Nimekaa mahakama ya mwanzo miaka mingi, faili za nyumba za namna hii zimepita mikononi mwangu kwa mamia. Nitajibu swali la sheria peke yake.

Kwa sasa hakuna mwenye uwezo wa kuuza. Si kaka, si wewe, si mama. Mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Mnunuzi akitoa hata fedha za utangulizi leo, anampa mtu asiye na mamlaka. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, kila mmoja asaini na mama aweke dole gumba baada ya kusomewa neno kwa neno, chukueni cheti cha kifo, nendeni mahakama ya mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe Fomu Namba V, yenye orodha ya mali na madeni ya marehemu. Usimamizi si umiliki. Nimeona watu wakiteuliwa, wakauza, wakatoweka, na wajane wakabaki na nakala ya hukumu mkononi.

La pili ndilo muhimu zaidi. Mali ya marehemu ni ile iliyokuwa yake tu. Mama yako alimwagilia tofali, alilea, alipika, nyumba ilijengwa ndani ya ndoa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, si ya mirathi, lakini hoja ya mchango wa mama isemwe mapema mahakamani, isije ikakumbukwa nyumba imeshauzwa.

Tuseme imekubalika kwamba nusu ni yake. Inabaki nusu ya marehemu. Ninyi ni Waislamu, mjane mwenye watoto anapata thumni, yaani moja ya nane ya hiyo nusu. Jumla yake inakuwa 9 kwa 16. Zinabaki 7 kwa 16, nazo mnagawana kaka mafungu mawili, mdogo wako wa kiume mawili, wewe moja. Sasa piga hesabu mwenyewe: mama peke yake angekuwa na zaidi ya nusu ya nyumba. Nimesoma maelezo yako yote, nimesikia anachotaka kaka, anachotaka mnunuzi, unachoogopa wewe. Sijaona mahali mama alipoulizwa.

---

Fundi wa Korido

Mimi najenga na kukarabati hizi nyumba za Kiswahili, Magomeni, Sinza, Temeke. Nataka kusema kitu kuhusu nyumba yenyewe, maana watu wanaidharau.

Asiyeona hapotei kwenye nyumba ya korido. Mstari ni mmoja, ukuta kulia, ukuta kushoto, milango inatazamana, ukienda mbele ni barazani, ukirudi nyuma ni uani. Hiyo sebule kubwa ya Madale, mwenye macho anaifurahia. Mama akifika katikati yake hana ukuta wa kushika, na kila mtu akisogeza kochi ramani imevurugika. Nyumba anayoijua ina thamani ambayo haimo kwenye milioni 270.

Kelele sasa. Haipiti dirishani peke yake. Nyumba nyingi za umri huo kuta za ndani haziendi mpaka kwenye bati, zinaishia usawa wa kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, na dari hakuna. Muziki unaingia juu, unagonga bati, unashuka vyumba vyote. Kwa hiyo kwanza pandisha kuta za chumba chake zifike juu, kisha mpigie dari. Pili, dirisha la upande wa baa liziba kwa tofali, upige lipu nje na ndani. Dirisha la futi 4 kwa 4 linakula tofali za inchi 6 kama 15 hivi, si kazi kubwa. Lakini Dar ni joto, usimfungie mtu kwenye chumba kisicho na hewa. Chumba chake ni cha katikati au cha mwisho? Kama ni cha mwisho kina ukuta wa pili wa nje, hapo ndipo tutafungua dirisha jipya.

Usimhamishie chumba cha upande wa pili hata kama kuna utulivu. Mkono uliozoea kushoto ukauambia kulia, atapotea ndani ya nyumba yake.

La tatu. Muziki utapungua, hautakwisha. Sikio likishindwa, mpe mkono. Weka bomba la chuma la inchi moja na nusu, usawa wa kiuno chake, kutoka kizingiti cha nyuma mpaka mlango wa choo, lisikatike popote. Chomelea kipande kidogo cha nondo juu ya bomba pale mwembeni, na viwili mlangoni kwa choo, avisome kwa vidole. Hapo hata wakipiga muziki wa mwisho wa dunia, atakwenda na kurudi. Sakafu nyekundu usiiguse. Najua mafundi watakushauri uweke vigae, vinang'aa. Kigae kinateleza, na ule mbonyeo mtakuwa mmeuzika.

---

Mzee wa Mapambano

Fundi amesema vema. Naongeza la baa. Msiende kugombana na mwenye baa usiku, mtaumizwa. Andika daftari: tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa, kwa mwezi mzima. Pata saini za majirani. Peleka barua serikali ya mtaa, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Kanuni za kelele zipo tangu 2015, na NEMC imewahi kufungia baa hapa jijini. Huku kwetu tulifanya hivyo 2023. Baa haikufungwa, lakini spika ziliingizwa ndani na saa sita wanapunguza. Kwa mzee, hayo masaa mawili matatu ni usingizi.

---

Binti wa Sinza C

Nimerudi. Nilikaa kimya siku nne, samahanini, nilikuwa nasoma na kulia na kusoma.

Maneno ya Karani yalinichoma. Ni kweli, miezi yote hii tunapigiana simu Mwanza na Dodoma, hakuna aliyemuuliza mama. Tulikuwa tunasema "mama ataumia tukimwambia". Jumamosi nikampigia Omari, nikamsomea hesabu ya 9 kwa 16 na habari ya sebule isiyo na ukuta wa kushika. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mimi nilikuwa nafikiria ngazi tu, nikaona ile haina ngazi." Tukamuunganisha mama kwenye simu sote watatu, mdogo wetu akiwa naye pale.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema Madale hakukatai, akifika siku hawezi tena kujipeleka chooni tumpeleke popote, hatajua tofauti. Lakini kwa sasa bado anajipeleka. Akasema fedha za watoto wa Omari zitafutwe, vyumba viwili vya mbele vipangishwe kwa watu wenye adabu, kodi yote iende chuoni mpaka wamalize. Hilo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Vile vyumba vimejaa makabati mabovu na baiskeli ile ile iliyopasua fremu.

Kajembe, nakushukuru pia. La kokoto nimelichukua, mdogo wangu anatembea na mama asubuhi kila anaposikia lori limeingia mtaani.

Kikao cha familia ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nimeomba ruhusa kazini. Daftari la kelele mdogo wangu ameshaanza, ana kurasa mbili. Hati tumeipata ndani ya sanduku la nguo za baba, ya miaka 33, ilikwisha 2012, kwa hiyo Jumatatu inayofuata kikao naanzia ofisi ya ardhi.

Fundi, chumba cha mama ni cha mwisho upande wa kushoto, ukuta wa pili unapakana na ua. Nilimweleza habari ya kuziba dirisha la upande wa baa, akaniuliza jipya litatazama wapi. Nikamwambia uani. Akasema basi liwe chini kidogo kuliko la zamani, awe anafika kwa mkono akiwa amekaa kitandani, asikie maembe yakianguka. Ukuta ule ni wa tofali za kufyatua kwa mkono, za mwaka 1978. Ukitobolewa kwa dirisha la futi 4 utahitaji linta ya zege, ile boriti ya kubeba ukuta juu ya dirisha, au nondo peke yake zinatosha?